Siku Mama Alipoachia Ngazi ya Yoti

Harufu ya dizeli na harufu ya udi, kila moja peke yake, hazinisumbui hata kidogo. Zikikutana ndipo mkono wangu huanza kutafuta kitu cha kushika. Nami naishi Mombasa, mji ambao harufu hizo mbili hukutana kuliko unavyodhani: mwanamke aliyejifukiza vizuri akipita karibu na kituo cha mafuta, basi, nimesimama kama mtu aliyesahau nyumbani kwake. Mume wangu amezoea. Zamani alikuwa akiniuliza kama ni jino, siku hizi hunipa mkono wake nishike mpaka harufu ipite. Nilikuwa na miaka tisa nilipoinusa mara ya kwanza, ndani ya yoti ya tajiri mmoja wa Riyadh, mahali ilipotia nanga karibu na kisiwa cha mchanga baharini mbele ya Jeddah. Madam, mke wa tajiri huyo, hakupenda harufu ya injini, kwa hiyo kila walipokwenda baharini alifukiza udi kwenye chumba cha chini, na moshi ukapanda mpaka juu tulikokaa sisi. Mimi ni mwoga tangu kuzaliwa, hilo sikatai, lakini woga wa siku ile haukuwa ule wangu wa kawaida.

Wazazi wangu wote wawili walifanya kazi katika nyumba ya tajiri huyo, mtaa wa Al-Malqa. Baba alikuwa dereva na Mama mpishi, na mimi niliishi na bibi yangu Wundanyi, kwenye milima ya Taita. Mwaka huo bibi alifanyiwa upasuaji wa macho na hakukuwa na wa kunitazama likizo ile ndefu ya mwisho wa mwaka. Baba akamwomba bosi, ambaye ndiye aliyekuwa kafili wao, yaani mdhamini wa vibali vyao, naye akakubali kuniombea viza ya matembezi, hasa kwa kuwa binti yake mdogo, Hala, alikuwa msichana pekee kati ya kaka wakubwa na alikuwa akicheza peke yake siku nzima. Nikafika Riyadh wakati wa baridi, nikiwa nimevaa sweta la shule. Nilishangaa kuona barabara pana kiasi kile bila mtu anayetembea kwa miguu, na kuta ndefu zilizoficha kila kitu ila vichwa vya mitende. Tulilala watu watatu kwenye chumba cha nje, uani, kando ya matangi ya maji. Ndani ya nyumba kubwa nilifundishwa mambo ya kutofanya kabla ya kufundishwa ya kufanya: usikimbie, usicheke kwa sauti, usiguse jokofu kubwa, na ukiitwa, itikia kabla jina halijaisha. Hata majina yalikuwa yamebadilika. Mama yangu ni Mghoi, lakini jina hilo liliwashinda, wakamwita Mona.

Jambo lenyewe lilianzia jikoni. Nilikuwa nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikichambua iliki za kahawa, Mama akiwa amesimama mbele ya sufuria la kabsa, ule wali wao wa nyama. Madam aliingia na simu mkononi, akaegemea mlango. Alikuwa mwanamke mpole wa sauti, na kwa Mama alisema Kiingereza cha kukatakata kilichochanganyika na Kiarabu. Aliuliza, kama mtu anayeuliza kama chumvi ipo, "Mona, wewe Kenya, wa pwani, sah? Unajua kuogelea?"

"Yes, madam," Mama akajibu bila kugeuka.

"Kwenye bahari?"

"Yes, madam. Bahari."

"Zeni, vizuri. Jeddah utaingia majini na Hala," madam akasema, akaondoka zake akiendelea na simu.

Sasa, msomaji wa Kenya ataelewa kilichotokea hapo. Taita ni Pwani. Kwa ramani, kwa serikali, hata kwa michezo ya shule, sisi ni watu wa Pwani, na wakala aliyempeleka Mama Riyadh alimtambulisha hivyohivyo. Lakini ni Pwani ya milima na ukungu. Bahari Mama aliiona siku alipokwenda kutafuta pasipoti Mombasa, akiwa dirishani mwa basi. Maji makubwa kuliko yote tuliyoyajua sisi ni mto unaovukwa kwa kukanyaga mawe, na siku za mvua hata huo tulikuwa tunaahirisha. Maji ya kifuu, bahari ya chungu. Nilimtazama Mama mpaka nikaangusha iliki.

"Mama, wewe unajua kuogelea tangu lini?"

Alinijia, akachutama mbele yangu na mwiko mkononi. "Sikiliza, mwanangu. Yule Mfilipino aliyekuwa hapa kabla yangu aliulizwa hivyohivyo, akasema mafi, hajui. Akaambiwa halas, basi, akarudishwa ofisini kwa wakala. Na wewe hapa umekuja kwa huruma yao. Mkono usioweza kuukata, ubusu."

"Lakini ukizama?"

"Nitashika kitu. Na wewe funga mdomo wako. Hata Baba usimwambie, nitamwambia mwenyewe."

Nikafunga. Ila kuanzia hapo kila maji nilianza kuyatazama kwa jicho jingine. Hala na mimi tulikuwa tukichezesha vidoli kwenye beseni, naye akapenda kukizamisha kimoja na kukisubiri kiibuke. Mimi nilikuwa nakitoa haraka na kukifuta uso. Alidhani ni mchezo. Siku Baba alipotupeleka Al-Dirah, kwenye maduka ya zamani, kununua viungo na makoti ya baridi, nilimwona Mama amesimama mbele ya muuza nguo akishika nguo ya kuogelea ya mtoto kwa vidole viwili, kama mtu anayeshika kitu cha marehemu. Aliirudisha akaenda kuchagua mdalasini.

Wenyewe walikwenda Jeddah kwa ndege, sisi tukaenda kwa gari na mizigo yao, safari ya kutwa nzima. Jangwa linachosha macho kwa sababu hakuna mahali yanapopumzikia. Mama alimwambia Baba tulipokuwa tumeegesha kwenye kituo cha mafuta, tukila mikate yenye mayai juu ya boneti. Baba aliacha kutafuna.

"Wacha mchezo, Mghoi. Umesema unajua?"

"Nimesema."

"Basi tukifika mwambie ukweli. Mwambie ulidhani ni swimming pool. Mwambie mgongo unauma. Kwani lazima?"

"Na nikimwambia mgongo unauma, kesho atauliza nani atabeba sufuria. Ikama yangu, kibali changu cha kukaa, iko kwa nani, yako iko kwa nani? Tuende tu."

"Mghoi, bahari si mtu wa kumwambia yes madam."

Mama akaumega mkate wake. Baba akanitazama mimi, pengine akitafuta msaada, lakini mimi nilikuwa tayari nalia, na hiyo ilimaliza mazungumzo. Maji usiyoyafika hujui wingi wake, ndivyo wanavyosema watu wa pwani halisi. Sisi tulikuwa tunakwenda kuyafika.

Yoti ilikuwa imefungwa kwenye ghuba ndogo kaskazini ya Jeddah, kati ya nyingine nyingi, nyeupe, yenye mlingoti mrefu na matanga yaliyoviringishwa kwa turubai la buluu. Ilikuwa na chumba cha chini, ilikuwa na jiko, ilikuwa na choo chenye mlango usiozidi wa kabati. Bosi alikuwa anaipenda kuliko magari yake yote. Nahodha wake alikuwa Mmisri mzee kidogo, Kapteni Samiri, mtu wa miguu mitupu na maneno machache, na ndiye aliyenivalisha jaketi la kuokolea na kunikaza mikanda mpaka nikashindwa kupumua vizuri. Hala alivalishwa maboya ya plastiki mikononi, yale yanayojazwa kwa pumzi. Kapteni alipomnyooshea Mama jaketi, bosi alicheka. "Mona wa pwani! Hana haja." Mama naye akacheka, akalirudisha. Baba alibaki gatini akiwa ameshika funguo za gari kwa mikono miwili, na nilimwona akipungua, akipungua, mpaka nikashindwa kumtofautisha na nguzo.

Kisiwa chenyewe hakikuwa kisiwa cha kwenye picha. Kilikuwa kipande cha mchanga mweupe, hakina mti, hakina nyumba, ndege tu wamesimama wote wakitazama upande mmoja. Kukizunguka palikuwa na mwamba wa matumbawe chini ya maji, na Kapteni Samiri aliingia polepole, bosi amesimama mbele akimwonyesha kwa mkono, wakitafuta mahali penye mchanga pa kutupa nanga. Ilipokwenda, mnyororo ulipiga kelele nikadhani yoti inapasuka. Kisha kimya. Maji yalikuwa mazuri, sitasema uongo. Karibu nasi yalikuwa ya kijani, unaona mpaka chini yake, na hatua chache mbele yakawa buluu ya kiza, ghafla, kama ukingo wa meza. Nilimwuliza Kapteni kule kuna nini. Akasema, kwa Kiarabu na kwa kidole kilichoelekea chini, kwamba kule hakuna chini.

Baada ya kahawa, bosi na Kapteni walichukua boti ndogo ya mpira wakaenda kuvua upande wa pili wa kisiwa. Tulibaki wanne: madam amejilaza mbele juu ya mito, Hala, Mama, na mimi. Hala alianza kulilia samaki, kwamba anawaona na anataka kwenda kwao. Madam, bila kufungua macho, akasema, "Yalla, Mona, mpeleke." Nyuma ya yoti kulikuwa na ngazi fupi ya chuma inayoingia majini. Mama alivua viatu akavipanga vizuri pembeni, kama anayeingia ndani kwa watu. Gauni lake refu la kazi alilikunja na kulifunga fundo kiunoni juu ya suruali, akakaza kilemba, akashuka ngazi kwa kinyumenyume. Midomo ilikuwa inacheza na nilijua ni Zaburi. Alisimama kwenye kidato cha mwisho, maji yakimfika kifuani, mkono mmoja umeshika chuma na mwingine umeshika boya la Hala, naye Hala akielea na kupiga miguu na kucheka. Ungemwona ungesema huyu mwanamke amezaliwa humo. Mimi nilikuwa nimelala kifudifudi kwenye ukingo wa yoti, uso wangu karibu na uso wake.

Sijui nani wa kulaumu kwa upepo. Ulikuja kutoka kaskazini, kwanza ukawarusha wale ndege wote kwa pamoja, kisha yoti ikaanza kugeuka. Hatukujua kwamba chombo kilichotia nanga huzunguka mnyororo wake upepo unapobadilika, hilo nilielewa miaka mingi baadaye. Nilichoona ni kwamba maji chini ya ngazi, yaliyokuwa ya kijani, yamekuwa ya buluu. Mawimbi madogo yakaanza kuinyanyua nyuma ya yoti na kuiachia, na kila iliponyanyuka ngazi ilimvuta Mama juu, ikashuka ikampiga kifuani. Pigo la tatu au la nne lilimtoa mkono, si ule wa ngazi, ni ule wa Hala. Yule mtoto akateleza pembeni, bado anacheka, akazungushwa na wimbi na kuanza kwenda. Akawa hafikiki kwa mkono. Halafu akaacha kucheka, akaita, "Mona! Mona!" na boya moja lilikuwa limeanza kulegea.

Madam alikurupuka. Alikimbia mpaka nyuma, shela imemwanguka, akaona. "Mona! Mshike! Mona, nenda!"

Mama aliinua uso akanitazama mimi. Kisha akaachia ngazi.

Alikwenda chini moja kwa moja. Hakupiga hata mkono mmoja. Niliona kilemba chake cha njano kikishuka kwenye buluu, kikawa kidogo, na nikasikia sauti ambayo baadaye nilitambua ni yangu. "Hajui kuogelea! Mama hajui kuogelea!" Nilipiga kelele hizo kwa Kiswahili, na nilipoona madam ananikodolea macho tu nikazipiga kwa Kiingereza cha shule, tena na tena, nikimvuta mkono. Aliponielewa, uso wake ulibadilika. Nilitegemea hasira. Kumbe ilikuwa hofu ileile yangu, kwa sababu yeye naye alizaliwa Riyadh, katikati ya jangwa, na hakujua kuogelea kuliko sisi. Alichukua boya la duara akalirusha kwa nguvu zote, upepo ukalichukua likaanguka upande mwingine kabisa. Tukabaki mwanamke na mtoto, tumeshikana, hakuna anayejua maji.

Mfa maji haachi kutapatapa. Mama aliibuka mbele, mbali na tulipokuwa tunatazama, mdomo wazi, akakamata boya la Hala lililokuwa bado zima, akazama tena pamoja nalo. Nilifumba macho. Nilipofumbua alikuwa amesimama. Nasema amesimama, maji yamemfika kidevuni, katikati ya bahari, na Hala yuko juu ya bega lake akikohoa na kulia. Chini ya miguu yake palikuwa na kichwa cha mwamba, jabali moja la matumbawe lililopanda kutoka kilindini likakaribia kufika juu, pana pengine kama meza ya chai. Pande zote zilizobaki zilikuwa buluu. Hakuweza kwenda mbele wala kurudi. Wimbi lilipokuja lilimfunika uso, likipita akatema maji, akavuta pumzi, akasubiri jingine. Na kila lilipopita nilikuwa nahesabu vichwa: kimoja, viwili, bado wapo.

"Mama, usisogee!" nililia.

"Nyamaza!" akanijibu, na wimbi likamfunika.

Madam alikimbilia usukani akaanza kubonyeza honi. Hakuondoa kidole hapo. Ile honi ililia bila kupumua, na kati ya kulia kwake nilimsikia akiomba Mungu kwa lugha yake, na mimi nikiomba kwa yangu. Sikumbuki ilichukua muda gani, na hata ningekumbuka nisingeamini. Nakumbuka Mama akianza kuyumba. Nakumbuka akimhamisha Hala kutoka bega hili kwenda lile, polepole, kama mtu anayebadilisha ndoo njiani. Kisha boti ya mpira ilizunguka kisiwa kwa kasi, Kapteni Samiri akajitupa majini kabla haijasimama, na bosi akamvuta binti yake kwa nguo. Mama hakukubali kuachia jabali mpaka walipombandua vidole vya miguu.

Walimlaza sitahani. Nyayo zake zilikuwa zimechanika, matumbawe yana wembe, na damu ilikuwa ikichora njia mpaka kwenye viatu vyake alivyokuwa amevipanga. Nilijilaza juu yake. Bosi alikuwa analia na kucheka, akimbusu Hala kichwani, akasema, "Mona, mashallah! Mashallah! Wewe samaki!"

Hapo nikakumbuka nilivyopiga kelele. Madam alikuwa ameshanisikia. Alikuwa amekaa amemfunika Hala kwa shela, akimtazama Mama, na Mama anamtazama yeye. Nilijua neno moja tu lingetutupa sote watatu nje ya nyumba ile, na nje ya nchi. Udi ulikuwa bado unapanda kutoka chini, ukichanganyika na harufu ya dizeli.

"Naam," madam akasema hatimaye. "Anaogelea vizuri sana."

Bosi akapiga makofi. "Kesho tena, inshallah."

Usiku ule sikulala, na kama nililala nililala nimeshika gauni la Mama. Lakini kesho yake madam aliamka anaumwa na kichwa. Keshokutwa Hala alikuwa na mafua ambayo sisi wengine hatukuyaona. Siku iliyofuata wageni walikuja chakula cha mchana, na Mona lazima awe jikoni. Likizo yao ikaisha hivyo, tukarudi Riyadh, na Januari nikarudishwa Wundanyi shuleni. Mama alibaki kule miaka mingine kadhaa, nami niliiishi miaka hiyo kwa hofu ya likizo zao, nikijua ndizo siku za yoti. Simu ikichelewa, nilimwona amesimama juu ya jabali. Ni baadaye sana aliponiambia kwamba hakupanda yoti tena: kila safari madam alipata jambo la kumwacha nchi kavu, na wawili wale hawakuwahi kulitaja neno hilo, hata siku ya kuagana.

Leo mimi nimempita umri Mama wa siku ile. Nimejifunza kuogelea ukubwani, kwenye bwawa la hoteli, na watoto wa mwalimu wakinicheka, na binti yangu huogelea kama amekunywa bahari. Kazini kwangu nikiulizwa jambo nisilolijua nasema silijui, na jua linachwa salama. Wasichana wa Taita bado wanakwenda Riyadh, wana simu za kupiga picha na kutuma sauti, na wengi wameambiwa haki zao kabla ya kupanda ndege. Sijui kama wanaulizwa wanajua kuogelea. Sijui wanajibu nini.

Desemba iliyopita nilikuwa Wundanyi. Baridi ya milimani humwasha Mama yale makovu ya nyayo, nami nikiwa nyumbani humpaka mafuta jioni tukikaa karibu na jiko. Nilikuwa sijawahi kumwuliza, miaka yote hiyo, kwa kuwa nilidhani jibu nalijua. Nikamwuliza pale juu ya mwamba aliogopa nini zaidi, mawimbi, kile kilindi, au papa.

"Nilikuogopa wewe," akasema.

"Mimi?"

"Si ulikuwa unatangaza hajui kuogelea, hajui kuogelea! Kwa Kiingereza! Nikasema, Mungu wangu, huyu mtoto atanifukuzisha kazi."

Akacheka mpaka akajishika ubavu. Mimi sikuweza. Niliuinamia ule mguu, nikaendelea kumpaka mafuta, wa kushoto, kisha wa kulia.